Hossein Vafaei: Kijana wa Abadan aliyecheleweshwa na viza, si na fimbo

Pita Majengo, Kisauni au Likoni baada ya alasiri, hukosi kuiona meza ya pool imezungukwa na vijana. Mzazi akimkuta mwanawe hapo hasemi anacheza. Husema kisha haribika. Wasiwasi huo una msingi, kwani mara nyingi pesa huwekwa, na kamari ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini ukiiondoa kamari, hebu tuutazame mchezo wenyewe, maana kuna watu duniani unaowalisha wao na watoto wao.

Snuka ni kaka mkubwa wa pool. Meza yake ina urefu wa futi 12, wakati hizi zetu za mitaani nyingi ni kama futi 7. Mipira ni 22: myekundu 15, ya rangi nyengine sita, na mweupe wa kupigia. Ukiingiza mwekundu unapata pointi moja, kisha unaruhusiwa kupiga wa rangi, kuanzia manjano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye 7. Anayefuatisha kila mwekundu kwa mweusi, kisha akamaliza rangi zote bila kukosea, hupata 147. Mabingwa wakubwa wenyewe huifikia kwa nadra.

Sasa tumtazame Hossein Vafaei. Alizaliwa Oktoba 1994 huko Abadan, mji wa kusafisha mafuta kusini magharibi mwa Iran, karibu na mpaka wa Iraq. Mwaka 2011, akiwa na miaka 17, alikwenda Bangalore, India, akatwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa kwa kumshinda Lee Walker wa Wales fremu 10 kwa 9. Ushindi huo ulimfungulia mlango wa kuwa mchezaji wa kulipwa, Muirani wa kwanza kufika hapo.

Mlango ulifunguka, lakini hakuweza kuingia. Kadi ya kulipwa hudumu misimu miwili, na wakati huo mashindano mengi yalikuwa Uingereza. Vafaei alisumbuka na viza. Wenzake wakicheza na kukusanya pointi, yeye yuko kwao anasubiri karatasi. Karibu misimu yote miwili ikampita hivyo.

Hebu fikiria: ni bingwa wa dunia, mkono hauna kasoro, kadi inaisha muda, na tatizo ni muhuri. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mpwa wangu aliwahi kupata nafasi ya kazi Ghuba, akawa haendi harudi kwa sababu ya pasipoti. Kila akifuatilia, njoo wiki ijayo. Ilipotoka, nafasi alishapewa mwengine.

Vafaei hakuvunja fimbo yake. Mwaka 2014 alishinda ubingwa wa dunia wa vijana wa chini ya miaka 21 kule Fujairah, kisha akarudi kwenye mzunguko wa kulipwa akaanza kupanda pole pole. Mwaka 2017 alifika nusu fainali ya China Open. Januari 2022, mjini Leicester, akashinda Shoot Out, mashindano ambayo kila mechi ni fremu moja ya dakika 10 tu. Fainali alimfunga Mark Williams, bingwa wa dunia mara tatu, na zawadi ilikuwa pauni 50,000. Miezi michache baadaye akawa Muirani wa kwanza kucheza fainali za Ubingwa wa Dunia katika ukumbi wa Crucible, Sheffield. Alitolewa na Judd Trump 10 kwa 4. Mwaka uliofuata alimtoa Ding Junhui wa China 10 kwa 6, kisha Ronnie O'Sullivan akamnyoosha 13 kwa 2. Ndiyo michezo.

Lakini tusidanganyane kwamba ni kazi rahisi. Mchezaji wa kulipwa hana mshahara wa mwezi kama mwalimu. Hula anachoshinda, na nauli na hoteli ni juu yake. Nafasi yake huhesabiwa kwa pesa za zawadi alizokusanya katika miaka miwili, na kwa kawaida kadi yake ikiisha akiwa nje ya 64 bora, huipoteza. Na kamari haijaacha kuwinda. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa katika kesi ya kupanga matokeo, wawili kati yao wakafungiwa maisha.

Kwa hiyo mzazi, ukimkuta mwanao mezani, uliza kwanza kama kuna pesa iliyowekwa. Ikiwepo, mtoe. Isipokuwepo, muulize anataka kufika wapi, na masomo yake yakoje. Halafu, awe mchezaji, baharia au fundi, mshughulikie cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti mapema, kabla hajavihitaji. Na ofisi zinazotoa karatasi hizo zijue kwamba "njoo wiki ijayo" inaweza kumla kijana miaka miwili ya umri wake. Vafaei alipata nafasi ya pili. Wengi wetu hawaipati.