Bweyeye: Rozimari na thaimu hufa kwa maji, si kwa kiu

Mkazi wa Bweyeye, tarafa ya wilaya ya Rusizi iliyo kati ya msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi, kwa sehemu kubwa ya mwaka hahangaiki kutafuta maji ya bustani. Taabu yake ni kinyume cha hiyo. Eneo la Nyungwe hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyohiyo inayostawisha mboga za majani ndiyo inayoozesha mizizi ya rozimari na thaimu. Mche ulioletwa kutoka Kamembe na kupandwa mwezi Machi huweza kuwa umekufa ifikapo Mei. Mwenye bustani akiona majani yamegeuka kahawia hudhani mmea una kiu, naye huuongezea maji.

Rozimari, ambayo wengi nchini Rwanda huiita romarini kwa kufuata Kifaransa, na thaimu zina asili ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Huko huota katika miteremko ya mawe ya chokaa, na kiangazi chake hupita kwa miezi kadhaa karibu bila tone la mvua. Majani yao membamba yenye mafuta yameumbwa kuhifadhi maji machache. Mizizi yao, kwa upande mwingine, huhitaji hewa kuliko unyevu.

Basi kazi ya kwanza ni udongo. Chai inayostawi Gisakura na Shagasha hupenda udongo wenye tindikali. Viungo hivi viwili haviupendi. Wakulima wa Rwanda wanaijua dawa yake, chokaa ya kilimo, yaani ishwagara. Kwa chungu kimoja, konzi ndogo ya majivu ya kuni hutosha. Mchanganyiko wa nusu udongo wa bustani na nusu mchanga wa mto wenye changarawe hupitisha maji vizuri, na mboji kidogo inatosha, kwa kuwa samadi nyingi hukuza majani mengi yasiyo na harufu. Udongo mweusi wa msituni haufai, kwa sababu hushika maji kama sifongo. Tena Nyungwe ni hifadhi ya taifa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, na si mahali pa kuchota udongo.

Ifuatayo ni mbegu au kipandikizi. Kwa rozimari, mbegu ni fedha iliyotupwa: huchukua wiki tatu au zaidi kuota, nyingi haziotí kabisa, na kichaka cha kukatwa hupatikana baada ya mwaka au zaidi. Afadhali kuomba tawi kwa jirani. Likatwe tawi changa lisilo na maua, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Majani ya nusu ya chini yaondolewe, kisha lichomekwe katika mchanga uliolowa kidogo, kivulini, chini ya paa. Vitabu vingi vya bustani hushauri kulifunika kwa mfuko wa plastiki, lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Hakuna hasara: chupa ya maji iliyokatwa kitako hufanya kazi hiyo, tena kizibo chake hufunguliwa kila siku ili jasho litoke. Baada ya wiki nne hadi nane tawi likivutwa polepole hugoma, na hiyo ndiyo dalili ya mizizi.

Majira nayo hupinduka. Kwingineko mkulima hungoja mvua ndipo apande. Bweyeye inafaa kukata vipandikizi mwezi Aprili, vikapata mizizi barazani wakati mvua kubwa ikinyesha nje, kisha kuvihamishia bustanini mwanzoni mwa Juni. Hapo mmea hupata kiangazi chote cha kujijenga kabla ya mvua za Septemba. Apandaye katika akarima k'igikoni auweke juu ya tuta lililoinuliwa, penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, mbali na matone ya ukingo wa paa.

Thaimu, tofauti na mwenzake, huweza kuanzishwa kwa mbegu. Ni ndogo mno. Gramu moja hubeba maelfu. Zinyunyizwe juu ya udongo laini bila kufukiwa, kwa sababu huhitaji mwanga, na kitalu kiwekwe ndani ya beseni lenye maji kidogo ili unyevu upande kutoka chini. Maji ya kumwaga kutoka juu huzisomba zote pembeni. Huota kwa wiki mbili hadi nne. Baadaye shina linaloegemea ardhi hufunikwa udongo kidogo, likaota mizizi lenyewe na kuwa mche mwingine.

Wakati wa kuvuna isikatwe zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, na kisu kisifike kwenye mti mkavu usio na majani, kwani rozimari haichipui tena hapo. Matawi hukaushwa kwa kuning'inizwa kivulini. Katika hewa ya Bweyeye mafungu yawe madogo, matawi matano au sita tu, la sivyo yatashika ukungu katikati kabla ya kukauka.