Kazi Mjini, Maskani Miembeni

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze jambo. Mmewahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye kazi Korogwe mjini, au Chanika kule Handeni, hajengi karibu na stendi, bali anakwenda kulala Kwamndolwa au Kideleko?

Zamani makazi yalifuata reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Stesheni ikavuta maduka, maduka yakavuta nyumba, nyumba zikabanana. Leo kuna lami ya kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni, na bodaboda zinaingia mpaka uani. Mtu hana haja tena ya kulala mlangoni pa kazi. Anatoka alfajiri, jua likizama yuko kwake.

Kwake kuna nini? Kuna miti. Joto la Korogwe, chini ya milima ya Usambara, mnalijua. Sasa chukueni jani la mwembe. Lina vitundu vidogo mno, jicho halivioni. Mizizi hunyonya maji ardhini, majani huyatoa hewani yakiwa mvuke, na mvuke huondoka na joto. Ndiyo maana chini ya mwembe kuna ubaridi zaidi kuliko chini ya turubai, ingawa vyote vina kivuli.

Kivuli hicho ndicho sebule ya kijiji. Jioni jamvi hutandikwa, mama anachambua mchicha, watoto wanacheza rede, na jirani akipita lazima asalimie. Mtoto wa mmoja huko ni mtoto wa wote.

Shida zipo. Handeni ni kukavu. Maji yake mengi husukumwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mabomba yakikauka, ndoo hupanga foleni. Na mto huo hulishwa na milima yenye misitu, ukiwemo Kilimanjaro. Anayekata msitu huko juu anawanyima maji walio huku chini.

Hatari nyingine tunaileta wenyewe. Kila anayehamia akikata mwembe mmoja apate pa kujenga, baada ya miaka michache kijiji kitabaki mabati na vumbi, na kile tulichokifuata kitakuwa kimekwisha. Basi wajukuu zangu, siku mkipata viwanja, chimbeni shimo la mche kabla ya kuchimba msingi wa nyumba.