Je, Wajua? Unguja, Kwenda na Kurudi kwa Siku Moja

Je, wajua kwamba msafiri atakayepanda boti alfajiri bandarini Dar es Salaam, akavuka bahari kwa muda wa saa mbili hivi, huwasili Unguja jua lingali changa, naye akapata wasaa wa kuuzuru Mji Mkongwe na kurejea kwao siku iyo hiyo? Kabla hajakanyaga gati huiona Beit el Ajaib, kasri aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, iliyotangulia majumba mengine ya mjini kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipoyapiga kwa mizinga majumba ya Sultani yaliyoielekea bahari, katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja, na ambavyo katika tarikh huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote, jumba hili lilisalimika. Lakini, ajabu ya dunia, sehemu yake kubwa iliporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020.

Huko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, leo pana kanisa la Kianglikana. Mji wote uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Ewe msomaji, ukienda, ikumbuke saa ya boti ya jioni, maana vichochoro vya mji huo humpoteza hata mwenyeji.