Shungi la Udongo Lililomrudisha Mungu wa Kuzimu

Katikati ya kisiwa cha Sicily, nchini Italia, upo mji mdogo uitwao Aidone. Jumba lake la makumbusho ya akiolojia, lililofunguliwa mwaka 1984 katika jengo lililokuwa makao ya watawa Wakapuchini, huhifadhi mabaki ya Morgantina, mji wa kale wa utamaduni wa Kigiriki uliotekwa na Warumi mwaka 211 K.K.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani walianza kuuchimbua mji huo mwaka 1955. Baadaye wakaja wezi, waliochimba kwa siri na kuyauza waliyoyapata ng'ambo.

Miongoni mwa vitu vilivyopotea hivyo ni kichwa cha udongo uliochomwa, chenye urefu wa kama sentimeta 27, cha Hades, mungu wa kuzimu. Mwaka 1985 kilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la J. Paul Getty, huko California. Mfinyanzi wake alitengeneza kila shungi la nywele na ndevu peke yake, kisha akalibandika. Ndevu alizipaka rangi ya buluu. Kumbe katika ghala ya Aidone yalikuwapo mashungi machache ya udongo, moja likiwa la buluu, yaliyookotwa katika hekalu la Morgantina na kuandikwa mahali yalipotoka. Utafiti wa pamoja ulionyesha kuwa yalikuwa ya kichwa kile kile. Mwaka 2013 Getty walitangaza kukirudisha, na mwaka 2016 kikawasili Sicily.

Ushahidi wa aina nyingine ulihusu vyombo 16 vya madini ya fedha vilivyonunuliwa na Jumba la Makumbusho la Metropolitan, mjini New York. Mtaalamu Malcolm Bell alichimbua nyumba moja ya Morgantina, akakuta mashimo mawili ya wezi, na ndani yake sarafu ya lira 100 ya mwaka 1978. Kanuni ni nyepesi: shimo haliwezi kufukiwa kabla ya kutengenezwa kwa sarafu iliyomo ndani ya kifusi chake. Basi wezi walikuwa wamepita hapo mwaka 1978 au baadaye, muda mfupi kabla ya vyombo kununuliwa. Vilirudishwa mwaka 2010.

Hata hivyo, kurudi kwa kitu si kurudi kwa habari zake. Sanamu kubwa ya mungu wa kike, yenye mwili wa mawe ya chokaa na uso wa marumaru, ilinunuliwa na Getty mwaka 1988 kwa dola milioni 18, ikarudishwa mwaka 2011. Leo imesimama Aidone, lakini wataalamu wangali wanabishana: je, ni Demeter, Persephone, au Aphrodite? Laiti ingalichimbuliwa kwa utaratibu, hekalu lake na sadaka zilizoizunguka zingalitoa jibu. Wezi waliliharibu jibu hilo kwa majembe yao.

Hiyo ndiyo sababu mwanaakiolojia hupima na kuandika mahali pa kila kigae kabla ya kukiinua. Shungi dogo lenye maandishi ya asili yake limethibitisha jambo ambalo sanamu ya mamilioni haikuweza kulieleza. Mwanafunzi anayekuta kigae cha kale ardhini na akiache pale pale, kisha awaarifu wanaohusika. Maana nusu ya thamani yake imo katika udongo unaokizunguka.