Mtego wa neno "ile"

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." na hapo linafuata jina la mtu usiyemjua. Tanzania ni wachache wenye simu ambao ujumbe huu haujawahi kuwafikia. Wengi huufuta. Ila mpangaji anayedaiwa kodi, ambaye mchana huohuo ameongea na mwenye nyumba wake, hutuma.

Tusimwite mjinga. Nimefanya kazi ya usalama wa mifumo muda mrefu, na kwangu neno lenye hatari kuliko yote katika ujumbe huo ni "ile". Humwambii mtu "ile hela" mpaka muwe na habari mnayoijua nyote wawili. Tapeli haijui hela yoyote. Ametupa wavu kwenye namba nyingi, akakuachia wewe umtafutie deni, tarehe na mdai. Na ukishamaliza kumtungia kisa, unakiamini, kwa sababu ni kisa chako cha kweli.

Kisha linakuja "jina litakuja". Huduma za fedha kwa simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujakamilisha kutuma, ili ugutuke ukiona si mwenyewe. Tapeli ameiwahi kinga hiyo. Amekutajia jina geni mapema, kwa hiyo likitokea halikushtui; linakutuliza.

Elimu na cheo havitoshi kukukinga. Mwaka 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, aliletewa barua pepe iliyojifanya imetoka Google, ikimhimiza abadilishe nywila mara moja. Alikuwa na wasaidizi wa kompyuta. Kiungo kikabofywa, na barua zake kwa maelfu zikaanikwa duniani.

Kiungo kina namna yake ya kusomwa: kinyumenyume. Ruka https://, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha rudi kushoto. Mwenye tovuti yuko hapo mwishoni. Anwani ikianza na jina la benki yako na co.tz, halafu nukta na jina jingine linaloishia na .com, tovuti ni ya hilo jina jingine. Benki imetangulizwa kama pambo. Alama ya kufuli nayo isikudanganye. Maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa njiani tu, hata kama unayewasiliana naye ni mwizi.

Kinachoniumiza zaidi ni zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hukutumia kuthibitisha kwamba namba ni yako. Mtu anakuomba umsomee namba "iliyokuja kwako kimakosa". Ukimsomea, amehamia kwenye akaunti yako, na sasa "ile hela" inawafikia shangazi na wanakwaya wenzako kwa jina lako na picha yako. Washa leo uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio, na namba ya siri utakayoiweka usimsomee yeyote.

Ujumbe wa fedha ukija, usiujibu wala usipige namba iliyomo. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake. Namba ya tapeli iripoti 15040, na piga *106# uone kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Na kama umeshatuma, usikae kimya kwa aibu. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla tapeli hajafika kwa wakala kuitoa hela hiyo.