Tafsiri ya Mwendo wa Kwenda na Kurudi: Mfano wa Kitenzi 'Pitapita'

Kihispania kina neno 'vaivén', lililotokana na vitenzi vya kwenda na kuja. Neno hilo hutaja myumbo wa kitu kinachokwenda huku na huku, na pia mambo ya dunia yasiyotulia. Mfasiri alipelekaye katika Kiingereza hulazimika kuchagua: 'swaying' hubeba myumbo, 'coming and going' hubeba safari, 'ups and downs' hubeba mageuko ya hali. Hakuna hata moja libebalo yote matatu.

Kiswahili nacho humtia mfasiri katika mtihani kama huo, hasa kwa vitenzi vyake vya uradidi. Uradidi huweza kuonyesha tendo linalorudiwa, au tendo lisilo na shabaha. Chombo 'kinachoyumbayumba' huegemea upande huu na ule. Mtu 'anayetangatanga' huenda asikokujua. Lakini mtu 'anayepitapita' hupita mara kwa mara, na kitenzi chenyewe hakisemi kama ana haja au hana.

Ukimya huo una uzito. Mitaa ya mashariki ya Nairobi kama vile Kaloleni na Makongeni imepakana na Eneo la Viwanda, na tangu zamani watu wameenda huko kwa miguu kutafuta kibarua. Mchuuzi wa mtaani akisema, "Kijana huyu hupitapita hapa kila asubuhi," huenda anamtaja mtafuta kazi, au anamshuku. Muktadha na sauti ya msemaji ndivyo vinavyoamua. Mfasiri akiandika 'passes by', anaeleza mwendo tu; akiandika 'loiters', amekwisha kumshtaki kijana kwa uzururaji. Kenya ilikuwa na Sheria ya Uzururaji hadi ilipofutwa mwaka 1997. Mbele ya sheria ya namna hiyo, tofauti ya vitenzi hivyo viwili si ya mtindo. Ni tofauti baina ya mpita njia na mtuhumiwa.

Yafaa basi mfasiri ajiulize mambo matatu: Je, mwendaji anahama mahali au anayumba papo hapo? Je, lengo lake limetajwa? Je, hukumu iliyomo ni ya msemaji, au inaletwa na lugha pokezi? Pale ambapo Kiswahili hakikutaja lengo, Kiingereza nacho kisilitaje, hata ikibidi kutumia maneno matatu mahali pa moja.