Mzee Amerudi na Mpira wa Mkojo: Tumtayarishie Nyumba



Vikundi vingi vinajua kuchanga pesa za kumpeleka mgonjwa hospitali. Harambee inafanyika, gari linapatikana, mzee anaenda kupasuliwa tezi dume, na sote tunashukuru. Lakini siku anaporudi Modogashe, mara nyingi hakuna aliyejiuliza: Atalala wapi? Maji ya kunawa yatatoka wapi? Mfuko utamwagwa na nani? Basi leo tuzungumze juu ya jambo hili bila kuona haya.

MPIRA HUU NI WA NINI?

Tezi dume iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Wanaume wengi wakizeeka, tezi hiyo hukua na kuibana njia. Baada ya upasuaji kidonda cha ndani kinahitaji muda wa kupona. Kwa hiyo daktari huacha mpira mwembamba unaopitisha mkojo kutoka kibofuni mpaka mfukoni. Wengine hutolewa mpira kabla ya kuondoka hospitali, wengine hurudi nao nyumbani kwa siku kadhaa au majuma. Wapo pia wanaokaa nao wakingojea kupasuliwa. Matunzo ni yale yale.

Ncha ya mpira iliyo ndani ya kibofu ina puto dogo lililojazwa maji ili mpira usichomoke. Mpira wa namna hii umeitwa kwa jina la Frederic Foley, daktari Mmarekani wa miaka ya 1930. Ndiyo sababu tunasisitiza: mpira usivutwe kamwe! Ukivutwa puto likiwa limejaa, utachana njia ya mkojo na damu itatoka nyingi. Wa kuutoa ni muuguzi au daktari, ambaye kwanza hunyonya maji ya puto kwa bomba la sindano.

KABLA YA KUONDOKA HOSPITALI

Anayemsindikiza mzee aulize mambo manne na kuandikiwa majibu:
1. Mpira utatolewa au kubadilishwa tarehe gani, na wapi? Je, kituo cha karibu na nyumbani kinaweza kufanya kazi hiyo?
2. Tunaweza kupewa au kununua mfuko wa akiba?
3. Dawa zipi zinaendelea, na kwa siku ngapi?
4. Kukitokea shida usiku, tumpigie nani simu?

Tarehe hiyo ni muhimu sana kwetu. Kutoka Modogashe mpaka Garissa ni zaidi ya kilomita 100, na mvua kubwa ikinyesha laga hujaa na magari hukwama. Tunakumbuka mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023. Kama tarehe inaangukia majira ya mvua, pangeni safari mapema.

KUTAYARISHA NYUMBA

Maji. Wakati wa kiangazi maji ni ya kupimwa, lakini mgonjwa huyu hawezi kungoja zamu. Tengeni jerikeni moja liwe lake, la kunywa na la usafi. Tundikeni kibuyu chirizi karibu na mlango pamoja na kipande cha sabuni. Hutumia maji kidogo, na kila anayeingia atakumbuka kunawa.

Mahali pa kulala. Mfuko lazima ukae chini kuliko kibofu, la sivyo mkojo utarudi nyuma na kuleta maambukizo. Tena usiguse sakafu. Kitanda cha kamba ni kizuri, maana mfuko unaning'inizwa kwenye mbao za ubavuni. Kama mzee analala juu ya mkeka, azimeni kitanda kwa jirani. Kikikosekana, chimbeni shimo dogo kando ya mkeka, mweke beseni safi ndani yake, na mfuko ukae ndani ya beseni.

Nguo. Suruali ya kubana haifai. Avae kikoi, yaani macawis, au kanzu. Mpira ufungwe pajani kwa plasta au kitambaa laini, ukiachwa ulegee kidogo ili asivutwe akigeuka. Msiukaze mpaka ukabana mpira wenyewe.

KAZI YA KILA SIKU

- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.
- Asubuhi na jioni, osha mahali mpira unapoingilia kwa maji safi na sabuni. Futa kutoka mwilini kwenda nje, kisha kausha. Usipake samli, mafuta, majivu wala dawa ya miti.
- Mwaga mfuko kabla haujajaa, ukifika nusu hivi. Fungua koki ya chini tu, mkojo uingie katika chombo maalum, kisha ukamwagwe chooni. Koki isiguse chombo.
- Usitenganishe mpira na mfuko ovyo ovyo. Kila unapotenganisha, wadudu wa ugonjwa wanapata njia.
- Angalia mpira haujakunjika wala kulaliwa.

ASIACHE KUNYWA MAJI

Hapa ndipo wazee wengi wanapokosea. Mzee anaona aibu mfuko ukijaa mbele ya wageni, basi anaacha kunywa. Mkojo unakuwa mzito, mpira unaziba, maumivu yanaanza. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, mpaka mkojo uwe na rangi hafifu. Lita 2 mpaka 3 kwa siku zinatosha wengi, isipokuwa daktari amekataza kwa sababu ya moyo au figo. Ale pia matunda na mboga akipata, maana kujikamua chooni huamsha damu.

Kuhusu swala na saumu, azungumze na sheikh wake. Mgonjwa ana ruhusa zake katika dini, asijiumize kwa kutojua.

Kwa majuma 4 mpaka 6 asibebe jerikeni la maji, asipande punda wala pikipiki, asichimbe. Kutembea polepole ni vizuri.

ISHARA ZA HATARI

Mkojo wenye rangi ya waridi, au maumivu mafupi ya kubanwa, ni kawaida siku za kwanza. Lakini mpelekeni kituoni bila kuchelewa mkiona:
- mkojo hauingii mfukoni ingawa mpira haujakunjika, na tumbo la chini limejaa;
- damu nzito au mabonge ya damu;
- homa, kutetemeka au kuchanganyikiwa;
- mpira umechomoka. Msijaribu kuurudisha wenyewe.

Hata baada ya mpira kutolewa, kama saa 6 zimepita hajakojoa, au anabanwa kwa maumivu, arudi hospitali. Mkojo kuvuja kidogo kwa majuma machache si jambo la kutisha.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Chagueni watu wawili wafundishwe na muuguzi kumwaga mfuko na kusafisha. Mzee mwenyewe aulizwe anamtaka nani: mkewe, mwanawe, au rafiki wa rika lake. Mhudumu wa afya ya jamii ajulishwe. Mfuko wa kikundi uweke akiba ya sabuni na nauli ya dharura. Na kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisheni wazee wote wameandikishwa kabla hawajaugua.

Tuseme pia na vijana: msimcheke mzee mwenye mfuko. Mzee anayechekwa hujificha, na anayejificha haponi vizuri. Mkaribisheni barazani kama zamani, mfuko ukiwa chini ya kikoi chake, mmwite adeer na kumpa chai yake.